Mkaratasi si mkaratusi: kupanda na kutunza mti wa gome la karatasi

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Nimeishi kusini mwa jiji la Brisbane, katika jimbo la Queensland nchini Australia, kwa miaka 12 sasa. Kila ndugu anayekuja kututembelea husimama mbele ya mti mmoja ulio nyuma ya nyumba, akaushika kwa kiganja na kuuliza kama ni mgonjwa. Gome lake ni jeupe lenye wekundu wa mbali, laini kama sponji, na hubanduka tabaka kwa tabaka mithili ya kurasa za kitabu kilicholowa maji kikaachwa juani. Si mgonjwa. Ndivyo ulivyoumbwa, na watu wa huku wanauita kwa jina lenye maana hiyohiyo ya gome la karatasi.

Wataalamu wa mimea wanauita Melaleuca quinquenervia. Neno la pili linataja mishipa mitano, kwa kuwa ukiliinua jani kulielekea jua utaona mishipa, mara nyingi mitano, iliyolala sambamba kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha. Nyumbani kwangu watoto waliuita mkaratasi, nasi tumelizoea jina hilo, ingawa kila ninapolitaja kwenye simu mama yangu husikia mkaratusi. Wala hakosei sana, maana miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na mkarafuu, mpera na mzambarau. Likunje jani lake kati ya vidole, na harufu itakueleza undugu huo kabla ya kitabu chochote.

Kwa asili mti huu ni wa vinamasi vya pwani ya mashariki ya Australia, kuanzia maeneo ya karibu na Sydney hadi rasi ya Cape York upande wa kaskazini, na vilevile wa Papua Guinea Mpya na Kaledonia Mpya. Nataja asili yake mapema kwa sababu makosa yangu yote ya mwanzo yalitokana na kuutunza kana kwamba ni mwembe. Mwembe hutaka maji yapite na kwenda zake, na ukiuacha mguu wake kwenye maji yaliyotuama unaoza. Mkaratasi hupenda tope. Utaota hata penye maji yaliyotuama kwa miezi, utavumilia udongo mzito wa mfinyanzi, na utavumilia chumvi kiasi.

Nianze na mbegu. Ziko ndani ya vitumba vidogo vigumu kama mbao, vilivyobana tawi kwa safu bila kikonyo, kila kimoja kikiwa na mbegu zipatazo 200 hadi 350. Mti hauviachii ovyo. Unaweza kukaa navyo kwa miaka hadi moto upite, au tawi livunjike, au shina likatwe, ndipo vifunguke vyote kwa pamoja. Kwa hiyo ukitaka mbegu, chagua vile vya kijivu vilivyokomaa kwenye sehemu ya tawi iliyo nyuma ya majani, viweke ndani ya bahasha ya karatasi mahali penye joto, na baada ya siku mbili tatu utakuta vumbi la kahawia chini ya bahasha. Vumbi hilo ndilo mbegu. Mwaka 2019 nililifukia chini ya udongo wa unene wa kidole, kama nilivyofundishwa kupanda maharage, nikamwagilia kwa ndoo wiki sita bila kuona hata jani moja.

Safari ya pili, Januari 2020, nilichanganya mchanga mkavu na mboji iliyochekechwa, nikaujaza mchanganyiko huo kwenye sinia lenye matundu, kisha nikazinyunyiza mbegu juu bila kuzifunika kabisa. Sinia hilo nililiweka ndani ya sinia jingine lenye maji ya kina cha sentimita 2, ili udongo ujinyweshee kutoka chini, kwa sababu maji yanayomwagwa kutoka juu huzisukuma mbegu pembeni na kuzizika. Katika siku 10 hivi sinia lilikuwa la kijani kibichi. Miche ilipofikisha majani sita niliihamishia kwenye vikopo, mmoja mmoja, nikiishika kwa jani na si kwa kijishina, na ilipofika kimo cha goti, Novemba 2020, nilipanda mmoja uwanjani na kugawa iliyobaki.

Shimo liwe pana kuliko kina. Usiweke mbolea nyingi ndani yake. Wenyeji hushauri mbolea isiyo na fosforasi nyingi kwa miti ya asili ya huku, nami nilitia konzi chache tu za mboji. Weka matandazo kuzunguka shina bila kuyagusisha nalo. Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya maji: mti mchanga ukikaukiwa wakati wa kiangazi, ncha hunyauka kwanza, halafu unasimama bila kukua kwa msimu mzima. Mimi niliumwagilia ndoo mbili kila baada ya siku mbili. Na upandwe penye jua kutwa, kwa maana kivulini hurefuka na kuwa mwembamba kama ufito.

Mafuriko ya Februari 2022 yalipoifikia mitaa yetu, uwanja wangu ulikaa chini ya maji kwa siku nne. Mipapai mitatu ilikufa, na mwembe mdogo niliouthamini kuliko vyote ukaanguka mwezi uliofuata. Mkaratasi ulitoka kwenye tope ukiwa umebadilika rangi tu, na kabla ya Pasaka ulikuwa na machipukizi mapya. Leo una kimo cha mita sita. Mwaka huu umechanua kwa mara ya kwanza, maua meupe kama maziwa yaliyokaa mfano wa brashi ya kusafishia chupa, na nyuki hawakubanduka kuanzia alfajiri. Usiku wanakuja popo wakubwa wanaokula asali ya maua, wakigombana kama watu waliodhulumiana urithi.

Upandwe wapi? Hapa ndipo pagumu, na ningependa wachangiaji walitilie maanani swali hili kuliko la mbegu. Mizizi yake hutafuta maji, na bomba la majitaka lenye ufa mdogo huwa ni karamu kwake. Jirani yangu amekwisha kufukua bomba lake mara mbili kwa sababu ya mti alioukuta pale aliponunua nyumba. Kadhalika majani yake yana mafuta na hushika moto upesi, ilhali gome lenyewe hulikinga shina, hivyo mti huungua juu kisha ukachipua upya huku nyumba ya karibu haichipui. Mimi naacha mita 10 kutoka kwenye nyumba na kutoka kwenye bomba lolote.

Mkulima wa Pangani

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa darasa lililonyooka. Nina ekari tatu katika bonde la mto, na nusu yake hugeuka kinamasi kila masika. Mpunga umenishinda kwa sababu ya viboko. Kwa maelezo yako huu ndio mti niliokuwa nikiutafuta, kwani unastahimili maji, unakua haraka na nyuki wanaupenda, nami nina mizinga 14. Kama ndugu yeyote anakuja nyumbani Desemba, naomba bahasha moja tu ya hilo vumbi lako. Gharama nitarudisha.

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Ndugu Mkulima, nakuheshimu, na kwa heshima hiyohiyo sitatuma.

Kwanza ni sheria. Mbegu haziingii Tanzania mfukoni mwa msafiri. Zinahitaji kibali na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kama ambavyo Kenya shughuli hiyo iko chini ya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Lakini hata ungepewa kibali kesho, bado ningekuomba usipande, kwa sababu sifa zote ulizozipenda ndizo zilizoufanya mti huu uwe balaa huko Florida, Marekani. Ulipelekwa kule kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kama mti wa mapambo na wa kukinga upepo, na katika miaka ya 1930 mbegu zake zilimwagwa kwa ndege juu ya mbuga chepechepe ya Everglades, kwa nia njema kabisa ya kuifanya ardhi hiyo iwe msitu wenye faida. Kule hapakuwa na wadudu walioula nyumbani kwake. Mnamo miaka ya 1990 ulikuwa umetapakaa kwenye takriban hekta 200,000.

Bonde lako lina maji yanayotembea kila masika. Vumbi lile huelea. Ukipanda wewe, atavuna mwenye shamba aliye chini yako, naye hakuomba.

Mswahili wa Fort Lauderdale

Nathibitisha aliyoyasema mleta uzi, maana niko Florida kusini na nimewahi kujitolea mara kadhaa katika kazi ya kuung'oa. Mtu ambaye hajauona msitu wake hawezi kuamini. Mashina yamesimama karibu karibu kiasi kwamba mtu mnene hapiti, chini hakuna nyasi wala ndege wa majini, ni majani makavu tu yanayokwaruza viatu.

Tatizo ni kwamba ukiukata umeupanda. Shina likianguka, vitumba vyote hufunguka ndani ya siku chache na mamilioni ya mbegu humwagika palepale, na kisiki nacho kinachipua. Kwa hiyo miche midogo tunaing'oa kwa mkono pamoja na mizizi yake yote. Miti mikubwa hubanduliwa gome kwa panga kuzunguka shina hadi kufikia mti wenyewe, kisha hupakwa kiuagugu na kuachwa ikiwa imesimama. Mwaka unaofuata watu hurudi kuondoa miche iliyoota chini yake. Mwaka 1997 serikali iliruhusu kuachiwa aina ya fukusi kutoka Australia, na mwaka 2002 wakafuata wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, baada ya majaribio ya muda mrefu ya kuhakikisha kwamba hawatahamia kwenye mimea mingine. Fukusi hula machipukizi, na mti unaokatwa machipukizi hutoa maua machache sana. Hawakuumaliza, lakini waliupunguzia kasi, na penye wadudu hao kazi ya panga imekuwa na maana.

Kuupanda hapa ni marufuku. Kwa hiyo nasoma uzi huu kama mtu anayesoma sifa za mtoto wa jirani aliyemvunjia dirisha, ingawa nakiri kwamba kwao ni mtoto mzuri.

Binti Kampala

Swali langu ni kuhusu gome. Kwetu Buganda wazee huvua gome la mtuba, hulitwanga kwa nyundo za mti hadi likawa kitambaa, kisha huufunga mti kwa majani ya mgomba nao hujenga gome jipya, na mti mmoja unaweza kuvunwa mwaka baada ya mwaka. Je, mkaratasi nao unavuliwa hivyo? Na je, watoto wakiubandua kwa kuchezea, unaumia?

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Dada, umeuliza swali ambalo lingepaswa kuwa katika andiko langu la kwanza.

Ukilitazama gome hili kwa makini utaona kwamba ni tabaka nyingi za utando mwembamba kuliko karatasi ya daftari, zilizopangwa pamoja na vikorokoro vyepesi vya kizibo kati yake. Kila mwaka mti hutengeneza tabaka jipya kwa ndani, na yale ya zamani, kwa kuwa hayawezi kutanuka, hupasuka na kuning'inia bila kuachia moja kwa moja. Ndiyo maana mti mzee una godoro lenye unene wa sentimita kadhaa. Godoro hilo limekufa, na kazi yake ni kuzuia joto la moto lisifike kwenye sehemu hai iliyo chini, ambayo ni nyembamba, yenye unyevu, na rangi yake ni tofauti.

Tofauti na mtuba iko hapo. Fundi wa Buganda huchukua gome la ndani lililo hai, akajua mahali pa kusimamisha kisu na namna ya kuuguza kidonda. Kwa mkaratasi huchukuliwa gome la nje lililokufa peke yake, na ukishuka hadi kwenye unyevu ukazunguka shina zima, umeunyonga. Watu wa asili wa Australia walilitumia gome hili kwa mambo mengi tangu zamani: kuezeka vibanda, kutandika mahali pa kulala, kuwafunika watoto wachanga, kubebea chakula, na kufungia samaki au nyama kabla ya kuifukia kwenye tanuri la ardhini. Hilo la mwisho nimelijaribu mwenyewe kwa kibua kilichopakwa ndimu na chumvi, nikalilowesha gome kwanza lisishike moto. Kilitoka na harufu ya moshi mwepesi, si mbali sana na samaki wa kufungwa kwenye jani la mgomba, ila mke wangu anashikilia kwamba jani la mgomba halina mpinzani.

Watoto wangu wana ruhusa ya kuchukua kilichoning'inia, si kilichoshika. Kipimo ni kwamba kama inabidi utumie nguvu au kisu, acha. Sehemu iliyobanduliwa sana hubaki na alama nyekundu kwa muda mrefu, na shina changa la chini ya miaka mitatu lisiguswe kabisa, kwa sababu godoro lake bado ni jembamba. Wala msiupake chokaa kama tunavyoipaka miembe ya barabarani kwetu.

Mama Neema, Toowoomba

Kaka, nipo nyanda za juu, saa mbili hivi kutoka kwenu kwa gari. Mkaratasi wangu una mwaka mmoja na nusu. Mwezi Julai ncha zote ziliungua zikawa za kahawia, na sasa majani mapya yana madoa yenye unga wa manjano na yanajikunja. Aliyeniuzia mche alisema ni upungufu wa mbolea, nami nimeitia mara tatu.

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Mama Neema, hayo ni mambo mawili yaliyofuatana. Ncha za Julai ni baridi kali; mti mkubwa huvumilia, mchanga huungua. Majira ya kipupwe yajayo ufunike kwa gunia usiku tu, na usikate sehemu zilizokauka hadi baridi iishe, maana zinayakinga machipukizi yaliyo chini yake.

Unga wa manjano ni kutu ya ukoo huu wa mipera na mikaratusi, ugonjwa wa kuvu wenye asili ya Amerika ya Kusini ulioonekana Australia kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Hushambulia jani changa tu. Sasa fikiri mbolea inafanya nini: inauhimiza mti utoe majani machanga kwa wingi, nawe unaiandalia kutu chakula chake. Acha mbolea. Kata ncha zilizougua asubuhi ambayo hakuna upepo, uzitie ndani ya mfuko wa plastiki hapohapo kabla ya kuzitembeza uwanjani, funga mfuko na uuache juani. Mwagilia chini kwenye mizizi, majani yabaki makavu, na nguo ulizovaa zifuliwe kabla hujaenda kwenye bustani ya mtu mwingine. Kwa kawaida majani yakikomaa na kuwa magumu, kutu huyashindwa.

Ukiona pia viwavi vyenye mkia mwembamba vimerundikana kwenye tawi moja, hao ni watoto wa aina ya nyigu wanaokula majani yake, nao hujichimbia kwenye gome laini wakitaka kugeuka. Wakusanye kwa mkono. Kwa mti wa kimo chako sioni sababu ya dawa.

Kupogoa ni baada ya maua kunyauka, kabla vitumba havijakomaa, na hapo unapata faida mbili, mti hujaa matawi na mbegu hupungua. Kama una nafasi ndogo, unaweza kuuzuia kwenye kimo cha mita tatu kwa miaka mingi kwa njia hiyo. Mti mkubwa usiukate bila kuuliza halmashauri, maana nyingi huku zina kanuni za kulinda miti ya asili hata ikiwa ndani ya uwanja wako.

Duka la Asili

Mafuta yake ndiyo yale yanayouzwa madukani kwa chunusi na fangasi?

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Hapana, ni ya ndugu yake. Yale ya chunusi hukamuliwa kutoka Melaleuca alternifolia, mti mdogo wenye majani membamba unaolimwa zaidi kaskazini mwa New South Wales. Yale ya Indonesia yaitwayo kayu putih, maana yake kwa Kimalei ni mti mweupe, ni ya Melaleuca cajuputi. Huu wangu hutoa mafuta ya niaouli, yanayojulikana zaidi Kaledonia Mpya. Hakuna hata moja la kumeza, na usichemshe majani ya uwanjani ukidhani umepata dawa.

Mkulima wa Pangani

Nimesoma yote mara mbili na nimeondoa ombi langu. Sasa nishaurini badala yake, kwa sababu kinamasi changu bado kipo na nyuki wangu bado wana njaa.

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Ukingoni mwa maji panda mkuyu, na ule mzambarau wa porini unaoota kandokando ya vijito, ambao ni wa ukoo wa mkaratasi na maua yake yana nyuki kama haya yangu. Sehemu ya juu yenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka wakati wa kiangazi, panda mgunga ule wenye gome la manjano hafifu linalobanduka kama karatasi, Vachellia sieberiana kwa jina la kitaalamu. Huo ni mkaratasi wenu wa kuzaliwa hapohapo Afrika. Tafuta maganda manene yaliyoanguka chini yake, yavunje kwa jiwe kwa kuwa hayapasuki yenyewe, umimine maji yaliyochemka na kuepuliwa juu ya mbegu, uziache usiku kucha, na asubuhi uzipande zilizovimba. Miiba yake ni mirefu, kwa hiyo mizinga iwekwe upande ambao hutalazimika kupita chini ya matawi.

Mkulima wa Pangani

Miti hiyo ipo njiani kuelekea Korogwe. Jumamosi nakwenda na gunia.